Bisibisi Ndani ya Bawa

Wifi ndiye aliyemburuta. Fundi mwenyewe alikuwa ameapa kwamba hataitazama tena ndege ile, hata kwenye picha, lakini wifi alishasikia kuwa Jumamosi wazee huingia bure kwenye makumbusho ya ndege, na wifi na cha bure hawatenganishwi.

"Twende ukamwone mpenzi wako wa zamani," alisema, akicheka peke yake.

Huyu wifi, dada wa marehemu mumewe, alikuwa na utani mmoja ambao hakuuchoka kwa miaka thelathini na minane. Kila harusi, kila matanga, lazima aulize kwa sauti: "Jamani, nani kati yetu alifukuzwa jeshini kwa kuogopa bisibisi?" Watu wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, maana ukimnunia wifi ndiyo umempa nguvu, lakini akirudi nyumbani alitoa barua ya jeshi akaisoma tena. Barua hiyo ya kufukuzwa ilikuwa na neno moja tu kwenye nafasi ya sababu: woga. Kwa neno hilo hakuna karakana ya ndege iliyomfungulia mlango tena. Mikono iliyojua kufungua injini ya ndege ya kivita na kuifunga bila kubakiza skrubu ikaishia kutengeneza cherehani za majirani.

Basi wakaingia. Ndege ilikuwa imesimama katikati ya banda kubwa, imepakwa rangi mpya, inang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kuona moto. Fundi akasonya. Nani aliyeipaka hii rangi ya kucha? Enzi zake tumbo la ndege hii lilikuwa na michirizi ya mafuta, na kila mchirizi alijua umetoka wapi.

Pembeni, nyuma ya kamba, walikuwa wameusimamisha ubao wa vifaa, uleule wa karakana yake ya jeshi. Akausogelea. Kila kifaa kwenye ubao ule kilikuwa na msumari wake, na nyuma yake kivuli kilichopakwa kwa rangi nyekundu, kwa umbo lilelile na urefu uleule, ili kifaa kikitoka kivuli kibaki kinakukodolea macho. Kabla ndege haijaruka, fundi alihesabu vifaa na kutia saini kwenye kadi, kisha mkuu wa karakana akatia yake. Bila saini mbili injini haiwashwi. Kwa nini? Kwa sababu kifaa kilichosahauliwa ndani ya ndege kinaweza kuteleza angani kikabana waya wa usukani, na rubani akavuta, akavuta, na ndege isigeuke.

Asubuhi ile, siku ndege ilipotumwa vitani mara ya kwanza, fundi alihesabu thelathini na moja. Vilitakiwa thelathini na mbili. Bisibisi ndefu haikuwepo, na aliyeitumia mwisho alikuwa mkuu wa karakana mwenyewe, Afande, aliyetaka wapiga picha wamwone kazini. Akamwambia. Afande akatoka, akafungua buti la gari lake, akarudi na bisibisi yake ya nyumbani, akaitundika.

"Thelathini na mbili," alisema. "Saini."

Bisibisi ile ilikuwa fupi. Chini yake kivuli chekundu kilizidi kwa urefu wa kiungo cha kidole. Fundi akamwonyesha kivuli, akaweka kalamu chini. Afande akasaini peke yake, rubani wa miaka ishirini na minne akapanda bila kujua lolote, akaenda akarudi salama, na ndege ikawa shujaa wa taifa. Fundi akawa mwoga.

Na sasa ubao ulikuwa mbele yake, na bisibisi ya buti bado iko kwenye msumari, na wekundu unachungulia chini yake. Miaka yote hiyo watu wanapita, wanapiga picha, hakuna aliyeona! Chini ya ubao, ndani ya plastiki, ilining'inia kadi yenyewe. *Kadi ya ukaguzi ya siku ya kihistoria*, waliandika. Saini ya Afande ilikuwa kubwa, yenye mikia. Mstari wa aliyehesabu ulikuwa mtupu.

"Karibuni, karibuni!" sauti ikaita. Alikuwa Afande. Kazeeka, kanenepa, medali zimejipanga kifuani, na wageni kama ishirini wamemzunguka. Kumbe kila Jumamosi huja kupiga chuku hapa! Akasimulia vita, akatia chumvi, kisha akafika kwenye vichekesho vyake.

"Asubuhi hiyohiyo," alisema, "fundi mmoja, mwanamke, akanijia anatetemeka. Eti hesabu haijatimia. Nikamwambia, mama, nenda kapike, vita tuachie sisi."

Watu wakacheka. Wifi hakucheka. Alimtupia fundi jicho, kisha akamtazama Afande.

"Na hiki je?" Afande akachomoa kitu kutoka kwenye kabati la kioo. "Juzi, wakati wa kuiandaa ndege kwa rangi mpya, vijana wamekikuta ndani ya bawa. Vidole viwili tu kutoka kwenye waya wa usukani! Bisibisi! Mafundi wetu wa zamani, mnawaona? Mtu anaweza kusahau hata kichwa chake humo."

Kicheko kingine. Vichekesho viwili kwa pumzi moja, na hakuna hata mmoja kati ya wale wageni aliyeviunganisha. Fundi akasogea mbele. Miaka thelathini na minane! Aliitwa mwoga kwa sababu ya kitu kile kile ambacho huyu mzee anakipunga hewani kama toi ya mtoto, na bado aibu ni ya mafundi!

"Naomba niishike, Afande," alisema.

Afande hakumtambua. Akampa, akitabasamu, kama anavyowapa wageni wengine. Fundi aliipima mkononi. Uzito ulikuwa uleule. Akaipita kamba.

"Mama! Mama, hapo haruhusiwi mtu!" mwongozaji wa makumbusho akapiga kelele.

Fundi akaishusha bisibisi ya buti, akaitundika ile ndefu. Ikakikalia kivuli chote, kuanzia mpini mpaka ncha, wekundu usionekane hata chembe. Akageuka, ameinua ile fupi.

"Hii ni ya gari lako," alisema. "Ile ndiyo ya ubao. Uliisahau wewe, wewe mwenyewe, ukipigwa picha. Nilikuambia haipo. Nilikuambia kivuli kimezidi. Ukampandisha mtoto wa watu kwenye ndege yenye bisibisi bawani!"

Uso wa Afande ukashuka. Akamtazama vizuri sasa. "Kumbe ni wewe," alisema polepole. Kisha akashusha sauti. "Dada yangu, hayo yamepita. Ndege iliruka miaka kumi na mmoja, hakuna aliyekufa."

"Ni bahati tu hakufa. Wewe ulichangia nini?"

Mwongozaji alikuwa anaangalia ubao, kisha bisibisi fupi, kisha ubao tena, mdomo wazi.

"Mimi ndiye niliyekuwa namcheka," wifi akasema ghafla, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Kwenye harusi za watu! Kwenye msiba wa kaka yangu mwenyewe nimemcheka! Kwa uongo wako wewe, baba, na hayo mabati uliyojibandika kifuani!" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Fundi alikuwa ameshaichomoa kadi kwenye plastiki yake.

"Mama, tafadhali," mwongozaji akasema, safari hii kwa upole, "hiyo ni kumbukumbu. Haiandikwi."

"Ni kadi yangu," alisema fundi. "Nilikataa kuitia saini kwa sababu hesabu ilipungua. Nani ana kalamu?"

Afande aliangalia viatu vyake. Wifi akapekua mkoba, akatoa miwani, leso, peremende mbili, hatimaye kalamu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Fundi akarudi ubaoni na kuhesabu, kidole kikigusa kila msumari, bila haraka, kama zamani. Alipofika thelathini na mbili aliiegemeza kadi kwenye ubao, akaandika jina lake kwenye mstari wake. Pembeni akaweka tarehe. Hakuweka ya siku ile ya vita. Aliweka ya leo, kwa sababu hesabu ilikuwa imetimia leo.