Muhula wa Kwanza wa Kiranja

Shule ilipofungwa nilirudi Pongwe kwa babu nikiwa na azma nzito ya kueneza kitu pekee nilichokijua kwa hakika: nidhamu ya bweni. Mwanafunzi alikuwa mmoja tu, mtoto wa farasi wa miezi sita, mwenye miguu mirefu kuliko akili. Nilimwita Kiranja, kwa kuwa alisukuma watu bila sababu.

Babu Yaarub alikuwa na masharti.

"Wijdan, huyu hapandwi mpaka atimize miaka mitatu. Sasa ni kuvaa hatamu, kuinua kwato na kuzoea vituko vya binadamu. Dakika kumi, kisha mwache acheze."

Vituko vya binadamu nilivimudu.

Tatizo lilikuwa Ami Masoud, aliyetaka kumpeleka Kiranja Ushongo akabebe watalii ufukweni, tena mwaka huu huu. Alibishana na babu siku tatu, hatimaye wakakubaliana: Kiranja atembee kwenye zafa, ule msafara wa maulidi unaopigiwa madufu. Akiogopa ngoma hizo za dufu, anakwenda Ushongo. Akitulia, habanduki Pongwe.

Nikatunga ratiba. Asubuhi kengele, ukaguzi wa kwato, halafu somo kuu. Nilivaa kanzu ya babu, ikawa inaburuta chini, nikapiga ndoo ya plastiki badala ya dufu, kwa mbali, kila siku nikisogea hatua moja. Akitulia, nampa kipande kidogo cha halua kutoka mfukoni mwa kanzu. Wiki ya kwanza alikimbilia nyuma ya mama yake. Wiki ya tatu, ndoo ikilia tu, anakuja mwenyewe kupekua mfuko.

"Halua!" Babu alinifumania. "Unamfunza au unamharibu?"

"Babu, sisi nasi tungepewa halua, Hisabati tungefaulu wote."

Siku ya zafa nilikaa barazani na Bi Turkiya, mke wa Ami Masoud, ambaye tangu daktari amkute mumewe na kisukari humpimia hata chai. Msafara ukapita. Madufu yalikuwa mbele kabisa. Kiranja alikuja nyuma na babu, ametulia kama sheikh mgeni.

Ami Masoud hakupendezwa. Akachukua dufu la jirani yetu Nasri, akasogea na kanzu yake mpaka ubavuni, akalipiga karibu na sikio la Kiranja. Pu!

 Kiranja akainua masikio. Dufu limelia. Mwenye kanzu yupo. Somo alilikumbuka lote.

Akatumbukiza mdomo mfukoni mwa Ami Masoud, akavuta kifurushi cha halua kikubwa kama ngumi, akakitafuna pamoja na karatasi yake.

Madufu yakanyamaza.

"Masoud!" Bi Turkiya alisimama. "Halua hiyo ya nani?"

"Ya... ya farasi, mke wangu! Nilimwekea farasi!"

"Ya farasi?" Babu aliuliza kwa upole wa kutisha. "Zawadi yake ya kutoogopa dufu, siyo? Au kuna mtu mwingine aliyetaka kuila?"

Ami Masoud alimtazama mkewe. Akamtazama Kiranja. Akamtazama tena mkewe, aliyekwisha kushuka ngazi mbili.

"Zawadi yake," alisema. "Amefaulu. Abaki Pongwe."

"Mashahidi mmesikia," babu alisema.

Madufu yakaanza upya. Kiranja, ambaye somo la kuridhika hatukuwa tumelifikia, akahamia mfuko wa pili.