Saini ya Daktari Endara

Zilibaki siku kumi na tisa Yadira Chiluisa amalize mwaka wake wa kutumikia kijijini. Bila mwaka huo, na bila saini ya mganga mkuu wa zahanati, daktari mpya wa meno hapewi leseni Ecuador, hata kama aliongoza darasa.

Jumanne asubuhi Segundo Toaquiza alimwingiza mkewe, Zoila, zahanati, amemshika kiunoni. Shingo ya Zoila ilikuwa imevimba ikakaza kama ubao. Mdomo haufungi, udenda unamtiririka.

"Nani alimng'oa jino?" Yadira aliuliza.

Segundo aliutazama mlango kwanza. "Don Eliseo. Juzi, sebuleni kwake."

Eliseo hakuwahi kukanyaga chuo chochote. Alikuwa shemeji wa mganga mkuu, Daktari Endara, na Endara alikuwa amesikia. Alimvuta Yadira koridoni.

"Binti yangu, andika kwenye faili kwamba jino umeling'oa wewe. Mpe vidonge, arudi kwake."

"Daktari, usaha unashuka shingoni! Akirudi nyumbani atakosa pumzi. Naomba funguo za gari."

"Gari bovu."

"Si jana tu lilikwenda sokoni?"

"Leo bovu." Endara alitabasamu, sauti ikawa laini mno. "Hivi umebakiza siku ngapi?"

Yadira akamkumbuka mama yake, aliyekwisha kuutangazia mtaa mzima kule Latacunga kwamba mwanawe ni daktari kamili. Kisha akamsikia Zoila akivuta pumzi kwa mkoromo, akatoka mbio hadi barabarani, Segundo nyuma yake amembeba mkewe.

Lori la maziwa lilikuwa linateremka. Akasimama katikati ya barabara.

"We mwehu, unataka kufa?" dereva alifoka.

"Atakufa huyu mama. Fungua mlango!"

Kona baada ya kona, saa mbili nzima, Yadira alimkalisha Zoila wima na kumshikilia taya. Mkoromo ulipokatika, Segundo aliita jina la mkewe. Ulipokatika mara ya tatu, hakuita tena, alilia tu. Hospitalini walimpasua shingo palepale mapokezi.

Zoila alipona. Lakini Yadira aliporudi zahanati alikuta faili limekwisha andikwa kwamba jino aling'oa yeye: jina lake, muhuri wake, mwandiko usio wake.

Tume ya wizara ya afya ikamwita Quito, mji mkuu, ajieleze. Zoila naye alikuja, bandeji shingoni, sauti ikikwaruza. "Siye huyu aliyening'oa jino," alisema. "Huyu ndiye aliyenifikisha."

Tume ikamwondolea lawama. Ila Endara alikataa kutia saini, na mwaka usio na saini si mwaka, wakasema. Aanze upya.

Wakampeleka mbali, kwenye misitu ya mashariki. Mganga mkuu wa huko alimpokea kwa mikono miwili, akamvutia kiti, akafunga mlango wa ofisi.

"Karibu, daktari," alisema. "Mimi na Endara tulisoma darasa moja. Amenisimulia habari zako zote."