Siku ya Kuvunja Televisheni za Naliaka

Mzee Shitanda aliifunga televisheni yake kwa blanketi, akapanda nayo bodaboda kutoka Bukura hadi mjini Kakamega, akaitua juu ya kaunta ya Naliaka kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.

"Mama Ashley, redio inasemanga unauzia watu feki. Na hii yangu?"

Naliaka alichomeka waya ukutani, picha ikajaa kioo, safi kabisa. Mzee akatazama, akakuna kidevu, akakubali kwamba picha ni nzuri, lakini redio nayo haiwezi kusema bure. Akaenda zake akaiacha palepale. Ilimuuma Naliaka, maana wateja kama huyo ndio waliomjengea duka, na sasa walikuwa wakimpita barabarani kana kwamba amekula sadaka ya kanisa.

Feki! Televisheni zile zilitoka kiwanda kimoja na zile zilizouzwa na wakala wa kampuni jijini Nairobi. Kosa la Naliaka ni kwamba aliziagiza Dubai kupitia kwa binamu yake, akazilipia ushuru wote Mombasa, kisha akaziuza kwa bei ambayo hata mkata miwa angeimudu. Kampuni ya Tavoshi, yenye majumba ya vioo katika nchi ambazo Naliaka hatazikanyaga, ikaona mwanamke huyu wa Kakamega anaiharibia biashara. Ikatangaza redioni kwamba anauza feki, kisha ikamshtaki. Bidhaa zikazuiliwa, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na kila ilipoahirishwa mawakili walitoka kortini wakicheka na kupigapigana mabegani huku duka lake likizidi kuwa tupu. Anayetaka kuona uchafu asihangaike na mtaro wa sokoni. Aende akakae kwenye benchi la korti.

Mwishowe wakili wa kampuni, Ignatius, kijana wa hapo Khayega aliyesomeshwa kwa harambee za akina mama wa sokoni, alimletea karatasi ya makubaliano. Televisheni zote zivunjwe hadharani, Naliaka awepo, na mbele ya kamera aseme zilikuwa bandia. Hapo kesi ingefutwa.

"Ni neno moja tu, mama," alimwambia kwa sauti ya asali. "Unasema, unaenda nyumbani, unafungua duka yako."

Duka la kuuza nini, na kumuuzia nani? Neno hilo likimtoka kinywani, hakuna mtu kutoka Bukura hadi Khayega angenunua kwake hata betri ya tochi. Lakini kesi ikiendelea, ingemeza shamba la mumewe Andati, miwa na yote. Naliaka alitia sahihi bila kujua atasema nini siku ikifika.

Siku ikafika. Ua uliokodishwa kando ya barabara ya Sigalagala ulifurika wauza mboga, wanafunzi na vijana wa bodaboda, maana watu hawakosi mahali panapovunjwa kitu. Televisheni zilipangwa mstari mmoja, mpya, nyingine zingali na plastiki usoni. Vibarua walisimama na nyundo kubwa. Ignatius, ndani ya suti ya buluu, akamwashiria mwanahabari Griffin aelekeze kamera kwa Naliaka.

"Sema, mama."

Naliaka alifungua mdomo. Katikati ya umati alimwona Mzee Shitanda, kofia mkononi, akingoja.

"Kwanza tuzipime," akasema.

Kakamega mtu hanunui hata balbu kabla muuzaji hajaichomeka hapo kaunta, naye akaiona ikiwaka. Kwa watu wale ombi hilo halikuwa ujanja hata kidogo. Ndivyo biashara inavyofanywa. "Pima! Pima!" wakadakia. Ignatius akasema makubaliano hayakutaja habari za kupima. Umati ukamzomea, na kamera nayo ilikuwa ikimkodolea. Mchomeleaji wa karakana ya jirani akarusha waya wa umeme juu ya ukuta.

Ya kwanza ikawaka. Jina la Tavoshi likachomoza kwenye kioo, na wimbo wa kampuni ukalia, uleule wa kwenye matangazo. Wakahamishia waya kwa nyingine, nayo ikawaka, na iliyofuata vilevile.

"Sasa feki ni gani hapa?" akauliza muuza mboga mmoja. "Wakili, tuonyeshe na kidole."

Ignatius akakohoa. "Zinawaka, sawa. Lakini haziko na kibali ya kampuni."

"Basi hivyo ndivyo nitasema," Naliaka akajibu, akaigeukia kamera. "Hizi ni zao. Wanavunja mali yao wenyewe kwa sababu mimi niliuza bei ya chini."

Ignatius akapunga mkono kwa hasira, nyundo zikaanza. Vioo vilipasuka, plastiki ikaruka. Mwalimu mmoja akaomba angalau moja ipelekwe shuleni kwake. Akaambiwa haiwezekani, sheria ni sheria. Naliaka alitazama kwa kinyaa. Kitu kizima kinapondwa ili maskini asikipate kwa urahisi, na wanaoponda wamevaa tai.

Ilipobaki moja, kubwa kuliko zote, ingali inawaka kwenye waya na kuonyesha tangazo la kampuni, Ignatius alimsogelea. Manukato yake yalitangulia.

"Hiyo iachwe, mama," akanong'ona. "Dereva ataiweka kwa gari. Mama yangu huko Khayega hana TV, na zile za Nairobi si unajua bei yake. Hakuna mtu atauliza."

Mate yalimjaa Naliaka kinywani. Miezi yote hiyo alimchukia akidhani anaamini anayoyasema kortini. Kumbe hata kuamini hakuamini.

"Karatasi yako imesema zote, wakili," akajibu, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Hii unataka kumpelekea mama yako, vunja wewe mwenyewe."

Griffin akageuza kamera. Naliaka akaichukua nyundo kwa kibarua, akamwekea wakili mkononi.

Ignatius alitazama lango, akatazama gari, akatazama kamera. Kisha akavua koti. Pigo la kwanza liliteleza ubavuni, na ndani ya kioo msichana wa matangazo akaendelea kutabasamu. Akapiga tena, na tena, jasho likimchuruzika hadi kwenye kola, na hakuna aliyecheka. Naliaka akatema mate chini, mbele ya kila mtu, akasimama pale mpaka wakili alipomaliza.