Posa ya Sadao

Watu wa Boito walikubaliana kwamba Kiplimo alikuwa na kasoro moja tu: maneno yake mazuri yalimjia mashine ikinguruma. Yeye na mwenzake walishika mashine ya kuchuma chai, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule, na kila Nyakerario alipopita na gunia lake la majani, Kiplimo alimweleza yote yaliyokuwa moyoni. Nyakerario aliona midomo ikicheza. Alimpungia mkono, akaenda zake.

Mwishowe Kiplimo akampa flashi. Ndani mlikuwa na katuni ya zamani ya Kijapani aliyoipenda tangu shule ya msingi, ambayo fundi mmoja wa Litein alikuwa ameitilia maneno ya Kiswahili. Ilimhusu Sadao, kijana aliyeendesha jitu la chuma refu kuliko mnara wa simu, na Minae, msichana aliyelitengeneza jitu hilo kila lilipovunjika. Sadao alimpenda Minae kimyakimya, kipindi baada ya kipindi. Kiplimo aliona kwamba mtu akishaitazama, hatahitaji maelezo mengine.

"Nimeelewa," Nyakerario alimwambia baada ya siku kadhaa. "Lete wazee Jumamosi. Lakini ujue mzee wangu pia anaitazama."

Kiplimo alidhani hiyo ni habari njema.

Jumamosi alifika na shangazi yake Rodah, aliyebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na mjomba wake Alexander, msemaji wa ukoo. Desturi aliijua. Kijana anayeposa hukaa pembeni, huangalia viatu vyake, wazee wakimsemea. Shughuli hufunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi, na ikishafungwa, neno lililobaki hubaki mpaka ziara nyingine. Na ziara nyingine, kwa jinsi Alexander alivyotafutwa na watu wenye vijana wa kuoa, ingekuwa baada ya Krismasi.

Walimkuta Mzee Onchiri, baba yake Nyakerario, amekaa mbele ya televisheni.

"Karibuni, kaeni," alisema bila kugeuka. "Jana stima ilipotea. Imebaki kipindi cha mwisho."

Mgeni hamharakishi mwenye nyumba. Alexander aliomba kwa ufupi, wakakaa, wakanywa chai, wakatazama. Kwenye kioo, jitu la chuma lilipiga goti, likainuka polepole, macho yakawaka.

"Hapo ndipo inaponichosha," Onchiri alisema. "Kila kipindi jitu linainuka vilevile, picha ileile. Hata ng'ombe wangu hainuki vilevile kila asubuhi."

"Lakini imechorwa vizuri," Rodah alisema. "Ona hiyo mvua kwenye bega lake. Huyo aliyechora amenyeshewa."

"Mvua sina neno nayo. Na pale msichana alipomshonea kifungo, hakuna aliyeongea, na mimi nikaweka kikombe chini. Pale waliweza. Lakini hao maadui, mama, mbona wanangoja? Hawa wawili wanaangaliana macho, na jeshi zima limesimama pale kama watu wa foleni."

"Labda ni adabu," Alexander alisema. Hakuwa amewahi kutazama katuni maishani mwake, na sasa alikuwa ameegemea mbele, chai ikimpolea mkononi.

Kisha ukafika mwisho. Sadao, ndani ya kifua cha jitu lake, akamgeukia Minae, akafungua mdomo. Wakati huohuo jitu likalipuka. Midomo ilicheza, moshi ukajaa, majina ya wachoraji yakaanza kupanda. Onchiri akazima televisheni.

"Mimi huyu ningemkataa," alisema.

Kiplimo alihisi viatu vyake vikimbana.

"Kwa nini, mzee mwenzangu?" Alexander aliuliza, na kila aliyemjua angeitambua ile sauti yake ya kazi. "Kijana ana bidii. Hanywi pombe. Na mashine anayo."

"Mashine ni ya serikali."

"Lakini amekabidhiwa. Wangemkabidhi mtu mjinga?"

"Hakusema neno. Ana mashine kubwa, mdomo hana."

"Kusema ni kazi ya wazee wake."

"Wako wapi hao wazee?"

"Walikufa kwenye kipindi cha kwanza," Nyakerario alisema kutoka mlango wa jikoni.

Rodah alisikitika. Alexander alivua kofia.

"Basi mimi nitamsimamia," alisema. "Mtoto wa watu asikose mke kwa sababu ya uyatima. Tuseme ng'ombe sita."

"Minae ni fundi," Onchiri alisema. "Nane."

Walivutana. Rodah alikumbusha kile kifungo, Onchiri akarudia habari ya jitu kuinuka, mursik ikamiminwa. Mwishowe walikubaliana ng'ombe saba na mbuzi mmoja, wakapeana mikono wakicheka, na Alexander akasimama, akafumba macho kufunga kwa maombi.

"Baba, tunakushukuru kwa nyumba hii, kwa chai hii, na kwa watoto wetu Sadao na Minae..."

Kiplimo alitazama mlangoni. Nyakerario, mkononi chupa ya chai, hakuwa amefumba macho. Alikuwa akimtazama yeye, kama mtu anayengoja moshi upungue.

Amina ilikuwa karibu. Kiplimo akasimama.

"Na mimi?" alisema.

Maombi yalikatika. Hakuna aliyekumbuka kijana aliyewahi kumkatiza Alexander, seuze mbele za Mungu.

"Mimi ndiye nimekuja," Kiplimo alisema, akishangaa jinsi chumba kilivyokuwa kimya. "Nampenda Nyakerario. Nataka kumwoa."

"Rudia," Nyakerario alisema. "Mwanzo umesema chini."

Akarudia, kwa sauti ya mtu aliyezoea mashine, mpaka mbwa nje akabweka.

Onchiri aliweka kikombe chini. "Basi," alisema, "yule mwingine angefanya hivi kwenye kipindi cha pili, tungelala mapema."

Alexander, macho bado yamefumbwa, alikohoa kidogo.

"Wale ng'ombe wa Sadao, mzee mwenzangu. Tuwahamishie huyu?"

"Mhamishie," Onchiri alisema. "Lakini huyu amesema mwenyewe. Mbuzi abaki kwenu."

"Amina," alisema Alexander, akafumbua macho.