Wazee Waliojibu Nzuri

Kiyoyozi cha chumba cha kamati kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo, na kila mara mwenyekiti alipotaka kusema neno zito, ndoo ilimkatiza. Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kuomba ruzuku ya serikali iendelee, na nilikuwa nimevaa uso wa adabu tangu getini.

Utafiti wangu unahusu wazee wanaoishi peke yao. Kila mwaka mimi na wadodosaji wangu tunarudi nyumba zilezile na maswali yaleyale. Fedha zikiendelea, tutaionyesha wizara kwamba wazee hawa wanahitaji wahudumu wa kuwatembelea majumbani. Zikikatwa, basi, hakuna mtu mwingine atakayebisha hodi pale.

"Daktari, mchoro wako unashuka," alisema mwenyekiti. "Mwanzo wengi walisema hali mbaya. Sasa karibu wote wanasema nzuri. Hongera! Tatizo limekwisha."

"Halijakwisha, mheshimiwa. Hiyo 'nzuri' ni adabu tu. Asubuhi nimekuuliza habari za nyumbani, ukasema nzuri, halafu ndiyo ukaniambia mama yuko wodini."

Wajumbe wakainamia simu zao. Mwenyekiti akavua miwani.

"Kwa hiyo miaka yote hii serikali imekulipa ukusanye salamu?"

Alinibana kotekote. Nikisema majibu ni ya kweli, tatizo limekwisha. Nikisema si ya kweli, utafiti umekwisha. Mjumbe mmoja akaongeza, kwa upole unaoudhi, kwamba mambo ya jamii ni mazuri ila nchi inahitaji madaraja. Nilimchukia yeye na tai yake. Ruzuku ilikatwa kabla chai haijaletwa. Kilichonikera zaidi ni kwamba hata mimi sikujua kwa nini wazee walilalamika mwaka wa kwanza, kisha wakaacha.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Vifungo, fundi cherehani mstaafu, nimwambie mwenyewe kwamba hatutarudi.

Nilipobisha hodi, aliitambua sauti yangu. "Karibu, daktari. Goti lenyewe hili hapa." Hunichokoza hivyo kila mwaka, akijua fika udaktari wangu hautoi hata kidonge cha kichwa.

"Shikamoo, baba. Habari za hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri tu."

Uji ulikuwa umeganda kwenye sufuria, na sisimizi walishaanza kujihudumia. Ndoo yenye kifuniko ilikuwa karibu na kitanda, nikaelewa ni ya nini. Shati lake lilifungwa kombo, upande mmoja juu, upande mmoja chini, yeye aliyevalisha nusu ya mtaa ule. Nilitamani kulia.

"Baba, leo sina dodoso. Siandiki chochote. Niambie kweli."

"Huandiki?" Akageuza sikio kuelekea mlangoni, kisha akashusha sauti. "Macho yamekwisha, mwanangu. Tangu mvua zianze sijatoka nje. Naongea na cherehani. Afadhali yenyewe haigombi."

"Sasa mbona kila mwaka unasema nzuri?"

"Ningekuaibishaje? Mwaka ule wa kwanza tulikulilia wee, nikakuona unaondoka umenywea. Nikawaambia wenzangu, huyu binti katumwa na serikali. Akipeleka vilio kila mwaka, wakubwa wataona kazi yake haifai kitu, watamfukuza, na sisi tutakosa hata wa kutuuliza. Nikapita nyumba kwa nyumba, wakati huo bado naona. Tukakubaliana tuseme nzuri."

Nilitaka kumfokea. Nilitaka pia kumkumbatia, na kwa kuwa siwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, nilibaki nimeng'ang'ania kiti. Wazee wa watu walikuwa wamekaa kwenye giza lao miaka yote hiyo wakinilindia kazi, na mimi nikachora mchoro wa rangi.

"Enhe, umewapelekea?" akauliza. "Wamesemaje?"

Nikayaacha niliyoyapanga njia nzima.

"Wamefurahi sana, baba. Wamenipa hongera."

Akapiga makofi, akacheka mpaka akakohoa.

"Si unaona! Mwakani nitawaambia wenzangu wakaze. Tutasema nzuri sana."