Kivuli Kilichofungiwa Barazani

Kabla ya alfajiri kijiko kilisikika kikikwangua sufuria. Feruzi alikuwa akila ukoko wa wali wa jana, polepole, ili asimwamshe mkewe. Zaina alikuwa macho tayari, lakini alitulia kitandani ili mumewe aamini kwamba amefaulu.

Mwaka wa uhuru watu wa Kabondo walimchagua Feruzi, fundi cherehani, kuwa mjumbe wa baraza la mkoa. Tangu hapo gazeti lilikuwa limefungwa, na kiti cha hakimu kilikaliwa na komanda. Asubuhi hiyo Feruzi alikwenda kwenye ukumbi wa baraza kuuliza uchaguzi mwingine utafanyika lini.

Alirudi mapema. Askari waliwatoa wajumbe nje na kufunga ukumbi kwa kufuli. Kufuli lenyewe lilikuwa dogo, la kabati, kwa hiyo watu wakaona ni jambo la muda. Wengine walipiga makofi, maana wajumbe walikuwa wamezidi kugombana.

Vivuli vya wajumbe vilibaki ndani.

Zaina aliliona hilo alipompa mumewe maji uani. Kikombe kilikuwa na kivuli, Feruzi hakuwa nacho.

"Umekiacha kule?"

"Mulango ilifungwa mbele ya kivuli kutoka."

"Bon. Kunywa maji."

Wakazoea. Feruzi alitoka saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakati hakuna mtu mwenye kivuli cha kuonyesha. Akilazimika kupeleka nguo za wateja asubuhi, jirani yao Philomène alitembea ubavuni mwake na beseni kubwa la ndizi kichwani, ili kivuli chake kiwatoshe wawili.

"Songea karibu, Papa Feruzi," alisema. "Watu watasema niko na bwana ya pili."

"Na ule wa kwanza atasema nini?"

"Yeye? Iko analala tangu indépendance."

Jioni Zaina alimkanda Philomène shingo kwa mafuta ya mawese.

Kisha redio ikatangaza kwamba mtu asiye na kivuli ni adui wa nchi. Hakuna aliyeuliza sheria hiyo ilipitishwa na nani, na ukumbi bado umefungwa. Watu wote waliitwa uwanjani saa moja asubuhi, vivuli vikiwa virefu, waje kuipigia serikali makofi. Wanaume waliwekwa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Philomène alikuwa amekuja na beseni lake.

Askari walipita katikati ya wanaume wakiangalia chini. Feruzi alipandishwa kwenye lori pamoja na wajumbe wenzake. Watu waliendelea kupiga makofi, kwa kuwa hawakuambiwa waache.

Baadaye ukumbi ulifunguliwa ukawa ghala la bia ya maofisa. Kivuli cha Feruzi kilitoka, kikatembea mpaka nyumbani, kikaingia pamoja na jua la asubuhi na kukaa ukutani, miguu ikiwa sakafuni, karibu na cherehani. Philomène alipokuja kuomba moto wa kupikia, alikizunguka asikikanyage.

"Pardon, papa," alisema.

Zaina alikiuliza kama Feruzi yuko hai. Kivuli kiliinama, kikatazama mikono yake. Akakiuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi. Jua lilipanda, na kivuli kikaanza kufupika kuelekea mlangoni. Zaina akasogeza kiti kisikizuie njia.

"Kesho kuya tena," alikiomba kirudi. "Hata kama hauna habari. Kuya tu, papa."