Shubiri Moja na Nusu

Mtaani walimwita Fundi Shubiri, maana tangu aanze kutengeneza makochi hakuwahi kushika futi ya kupimia. Alitandaza mkono, gumba mpaka kidole cha mwisho, na hapo pana sentimita ishirini na nne, hata umwamshe usingizini. Mwaka huu alipata jambo jipya la kujisifia: vitambaa vilikuwa vinabaki. Ananunua cha kochi zima, anakata, na kinabaki cha kutosha mito miwili. Utu uzima dawa, aliwaambia majirani.

Binti yake wa pekee alifanya kazi mji mwingine. Kila jioni walikutana kwenye mchezo wa kuendesha malori, mzee kwenye kompyuta iliyokaa kona ya karakana, binti kwenye yake, wakifuatana barabarani huku wakipiga soga. Kisha ile kadi inayochora picha za mchezo ikaungua. Miezi miwili wakabaki na simu tu, za hujambo, sijambo, haya baadaye. Mzee huyu hakujua kuongea mpaka ashike usukani, na alimkumbuka mwanawe mno.

Binti alipomwomba apime nafasi ndani ya kompyuta ili anunue kadi mpya, alijibu bila kusita: shubiri moja na nusu, yaani sentimita thelathini na sita.

Jumamosi asubuhi binti akaja na boksi. Mzee alifuta meza ya kukatia, akanawa mikono, akachana utepe kwa mkasi wake wa vitambaa vya bei. Aliibonyeza sponji ya ndani akaisifu kwamba ingefaa kukaliwa miaka kumi. Kadi ikatoka, nzito, ina feni tatu, na plastiki nyembamba juu yake aliyoibandua taratibu kama plasta kwenye goti la mtoto.

Haikuingia. Ilizidi kwa upana wa vidole viwili hivi.

Mzee alilaumu kiwanda, akalaumu na duka. Binti akatoa futi kwenye mkoba, akapima ndani: thelathini na moja na nusu. Kisha akautandaza mkono wa baba yake mezani, akalaza futi kando yake. Ishirini na moja. Vidole vilikuwa vimejikunja kwenye maungio, na hata mzee alipovikandamiza kwa mkono wa pili, vilikataa kunyooka.

Mzee akatazama rundo la vitambaa vilivyobaki: kumbe kwa kila shubiri alikuwa akinunua sentimita tatu za ziada. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, kwamba sasa ataambiwa aache kazi.

"Vinauma, baba?"

"Asubuhi tu."

Binti alifungua skrubu nne, akang'oa kishubaka kitupu cha chuma kilichoziba njia, na kadi ikaingia ikakaa. Halafu akaenda kwenye ukingo wa meza, mahali ambapo zamani mzee alikuwa akiuchora mkono wa bintiye kila mwaka: wa miaka mitano, saba, kumi. Akauweka mkono wa baba yake kando ya ule wa miaka kumi, akauzungushia penseli polepole, kidole kwa kidole. Katikati akaandika 21.

Mzee akakohoa, akageuza uso kidogo.

"Weka na tarehe, mwanangu," alisema. "Mwakani uje unipime tena."